Habari za Waliodhulumiwa Utotoni Zatufundisha Nini?



Katika mafundisho yenu mmekwisha kujifunza kwamba Mungu ni Baba. Neno hili ni fupi, na wengi hulisema upesi wakati wa sala ya Baba Yetu. Lakini wako wanafunzi ambao neno hili huwakwama kooni. Akitajiwa baba, mmoja hukumbuka fimbo. Mwingine hukumbuka mlango uliofungwa usiku wa mvua. Mwingine hukumbuka nyumba ya mjomba, ambamo yatima hula makombo baada ya wote kushiba. Mtu wa namna hii akisikia kwamba Mungu ni Baba, moyo wake waogopa badala ya kufurahi. Hasemi neno, maana aona haya. Lakini ndani yake ajiuliza: Je, Baba wa mbinguni naye yu kama yule wa nyumbani?

Swali hili si dhambi. Ni swali la haki, nalo lataka jibu. Leo tutalitafuta jibu kwa watu waliopita njia hiyo mbele yetu, yaani watu walioteswa wakiwa watoto, wakapona, kisha wakaeleza habari zao kwa kinywa au kwa kalamu. Habari za namna hii ni nyingi duniani. Sisi tutawasikiliza mashahidi watatu: askofu mmoja wa Afrika ya Kaskazini, mganga mmoja wa Karema, na sista mmoja aliyezaliwa Darfur, katika nchi ya Sudani. Wote watatu ni wana wa Afrika, na wote watatu walikuwa wakatekumeni kama ninyi.

1. Yafaa nini kukumbuka mambo ya huzuni?

Wazee husema: Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Mithali hii ni njema kwa majirani waliogombana juu ya mbuzi. Lakini jeraha lililofunikwa kabla ya kuoshwa haliponi. Ngozi hufunga juu, na usaha hukaa chini. Ndivyo ilivyo kwa mtoto aliyedhulumiwa akaambiwa anyamaze. Kwa nje amekua, ameoa, ana shamba. Kwa ndani kidonda kingali kibichi. Siku moja mwanawe amwaga maji, naye ampiga kwa hasira isiyolingana na kosa, wala hajui hasira hiyo yatoka wapi.

Biblia yenyewe haifichi habari za namna hiyo. Mmesoma habari za Yosefu, mwana wa Yakobo. Alikuwa kijana wa miaka 17. Ndugu zake walimchukia, wakamtupa shimoni, wakamwuza kwa vipande 20 vya fedha. Baada ya miaka mingi alikutana nao katika nchi ya Misri. Alilia, aliwasamehe, akawapa chakula. Lakini angalieni vema alivyowaambia: kwamba wao walikusudia kumtenda mabaya, na Mungu aliyageuza yakaleta wema. Hakusema kwamba shimo lilikuwa zuri. Hakusema kwamba ndugu zake hawakukosa. Ubaya aliuita ubaya, kisha akaonyesha kwamba Mungu ni mkubwa kuliko ubaya huo.

Hii ndiyo njia yetu katika somo hili. Kila mara tusomapo habari za mtu aliyeteswa utotoni, tuulize maswali matatu. La kwanza: Ubaya aliotendewa aliutaja kwa jina lake? La pili: Ni nani aliyemnyoshea mkono? La tatu: Yeye mwenyewe aliyafanyia nini maumivu yake?

2. Shahidi wa kwanza: Mtakatifu Agostino

Agostino alizaliwa mwaka 354 katika mji wa Thagaste, ambao leo u katika nchi ya Algeria. Alikuwa amekwisha kuwa askofu wa Hippo, mtu wa zaidi ya miaka 40, mwenye elimu na heshima kubwa, alipoandika kitabu cha Maungamo, karibu na mwaka 397. Katika kitabu hicho aliandika makosa yake bila kuyaficha. Lakini hakuandika makosa yake tu. Aliandika pia habari za fimbo za shuleni.

Asema kwamba, alipokuwa mtoto mdogo, alipigwa na walimu kwa sababu ya uvivu wa kujifunza. Alikuwa mdogo, lakini sala yake haikuwa ndogo: alimwomba Mungu kwa bidii nyingi asipigwe shuleni. Nao watu wazima, hata wazazi wake wasiomtakia mabaya, walicheka alama za viboko vyake. Kwao ilikuwa mchezo. Kwake yeye hofu hiyo ilikuwa kama hofu ya watu wazima mbele ya vyombo vya kutesea.

Mnaona? Askofu mkubwa, aliyewahubiria maelfu ya watu, hakusahau kicheko cha wakubwa wake. Mwenye kupiga husahau jioni ile ile; mwenye kupigwa hukumbuka hata uzee. Nasi walimu wa shule na ninyi wazazi tujifunze hapo. Mtoto akilia, tusiseme: Ni mtoto tu. Maumivu hayapimwi kwa urefu wa mtu.

Tena tujifunze jambo la pili. Agostino hakuona kwamba habari za mtoto aliyepigwa hazistahili kuingia katika kitabu cha kumsifu Mungu. Aliziweka humo humo, ndani ya sala. Basi, nawe waweza kumweleza Mungu habari za utoto wako kama zilivyo. Hakuna machozi yasiyofaa kuletwa mbele yake.

3. Shahidi wa pili: Adriano Atiman, mganga wa Karema

Sasa tuje karibu na kwetu. Wavuvi wa Mpala na Moba wajua kwamba ng'ambo ya Ziwa Tanganyika iko misioni ya Karema. Huko, kwa muda wa miaka 67, aliishi mtu aliyeitwa Adriano Atiman.

Atiman alizaliwa mbali sana, kando ya mto Niger, katika nchi zilizo karibu na Timbuktu. Angali mtoto, aliibwa na wafanya biashara ya watumwa, akatengwa na wazazi wake, akavushwa jangwa la Sahara kama mzigo wa chumvi. Kule Algeria Mapadri Weupe walimkomboa kwa fedha. Wakampa nafasi ya kusoma, na baadaye akabatizwa. Kardinali Lavigerie alitaka vijana Waafrika wafundishwe uganga pamoja na kazi ya katekista, wapate kuwasaidia ndugu zao. Kwa hiyo Atiman alipelekwa katika kisiwa cha Malta kujifunza uganga wa kizungu. Alimaliza masomo yake mwaka 1888, na mwaka 1889 alifika Karema. Akaoa huko, akazaa, na mwanawe Yosefu akapata upadri. Alikaa akiponya watu na kufundisha dini mpaka alipofariki mwaka 1956.

Katika uzee wake Atiman aliandika mwenyewe habari za maisha yake, nazo zilichapishwa mwaka 1946 katika jarida moja la Tanganyika. Mganga mwenye sifa nyingi angaliweza kuanza habari zake katika shule ya Malta, akauficha utumwa wake kama jambo la aibu. Hakuuficha. Wala hakuwa na sababu ya kuuficha, maana aibu ya kuibwa si ya mtoto aliyeibwa. Ni ya mwizi.

Yashikeni maneno haya, maana watoto wengi walioteswa huibeba aibu isiyo yao. Hujisemea: Kama ningalikuwa mtoto mwema, mama hangalinichoma moto. Kama nisingalikuwa na laana, hawangalinifukuza. Si kweli. Mtoto hasababishi uovu wa mkubwa wake. Mtoto akikosa, aweza kuonywa kwa upole na haki. Lakini kuchomwa, kufungwa kamba, kunyimwa chakula, kuguswa kwa uchafu, hayo hayawi kamwe adhabu ya kosa lolote. Ni dhambi ya yule atendaye.

Tuulize swali letu la pili: Ni nani aliyemnyoshea mkono Atiman? Walikuwako waliomkomboa, walikuwako waliomfundisha. Na swali la tatu: Aliyafanyia nini maumivu yake? Mtoto aliyeuzwa kama bidhaa alitumia miaka 67 akifunga vidonda vya wengine.

Lakini msidhani kwamba mateso yenyewe ndiyo yaliyomfanya mwema. Wako watu wanaosema: Mimi nilipigwa sana, ndiyo sababu nimekuwa mtu, basi nami nitapiga. Huko ni kukosa kufahamu. Mateso peke yake hayafundishi wema. Mara nyingi hufundisha kutesa. Kilichomfaa Atiman si mnyororo, bali ni mikono iliyomfungulia mnyororo, na moyo wake uliokubali kufuata mikono hiyo.

4. Shahidi wa tatu: Mtakatifu Yosefina Bakhita

Shahidi wetu wa tatu alizaliwa karibu na mwaka 1869 katika kijiji cha Olgossa, huko Darfur. Wazazi wake walimpenda. Alikuwa msichana mdogo wa miaka saba au zaidi kidogo watu wawili walipomkuta shambani na rafiki yake. Wakamwambia rafiki aende mbele, kisha wakamtuma Bakhita mwituni kuwaletea mzigo. Naye, kama mtoto aliyefundishwa kuwatii wakubwa, alikwenda. Huko mwituni walimkamata na kumwonyesha kisu.

Wakamwuliza jina lake, asiweze kujibu kwa hofu. Ndipo wakamwita Bakhita, maana yake mwenye bahati. Neno hilo ni la ukoo mmoja na neno letu «bahati». Hofu yake ilikuwa kubwa hata akalisahau kabisa jina alilopewa na wazazi wake, wala hakulikumbuka tena mpaka kufa.

Aliuzwa mara nyingi. Siku moja alitoroka usiku pamoja na msichana mwenzake, lakini mtu mmoja aliwadanganya kwa maneno mazuri, akawafunga katika zizi la kondoo, akawauza tena. Katika nyumba moja alivunja chombo. Mwana wa bwana wa nyumba alimpiga hata akalala juu ya mkeka zaidi ya mwezi mmoja, asiweze kusimama. Katika nyumba nyingine, ya jemadari mmoja Mturuki, bibi wa nyumba aliamuru mwili wake uchanjwe. Walimchora michoro kwa unga, wakaifuata kwa wembe, wakasugua chumvi katika vidonda ili alama zisifutike. Alama hizo zilikuwa 114.

Mwaka 1883, katika mji wa Khartoum, alinunuliwa na balozi mdogo wa Italia, jina lake Callisto Legnani. Bwana huyu hakumpiga. Mwaka 1885 Bakhita alikwenda pamoja naye Italia, akatolewa kwa jamaa ya Michieli, awe mlezi wa mtoto wao. Hapo mtu mmoja aliyesimamia mali ya jamaa hiyo, Illuminato Checchini, alimpa msalaba mdogo wa fedha. Bakhita hakujua huyu aliyesulibiwa ni nani, lakini aliutunza msalaba kwa siri. Baadaye jamaa ya Michieli walimwacha, pamoja na mtoto aliyemlea, kwa Masista Wakanosa wa mji wa Venezia, katika nyumba iliyoitwa Nyumba ya Wakatekumeni. Naam, wapenzi, alikaa katika nyumba yenye jina lenu. Huko alifundishwa dini.

Na katika mafundisho hayo alipata jibu la swali lake la kale. Maana alipokuwa mtoto kwao, alikuwa akitazama jua, mwezi na nyota, akijiuliza: Bwana wa vitu hivi vizuri ni nani? Alitamani kumjua. Sasa alimjua.

Alibatizwa tarehe 9 Januari 1890, akawa sista, akaweka nadhiri mwaka 1896. Tangu mwaka 1902 alikaa katika mji wa Schio: alipika, alishona, alifungua mlango, aliwapokea watoto. Alifariki tarehe 8 Februari 1947. Papa Yoane Paulo wa Pili alimtangaza kuwa mtakatifu tarehe 1 Oktoba 2000.

Habari hizi tumezipata wapi? Mwaka 1910, mkubwa wa nyumba alipotaka zihifadhiwe, Bakhita alimweleza sista mwenzake, Teresa Fabris, naye akaziandika. Baadaye alimsimulia Ida Zanolini, na kitabu kikatoka mwaka 1931. Basi ilipita miaka 20 tangu ubatizo wake kabla habari zake zote hazijaandikwa. Tena hazikuandikwa na kundi la watu wenye kelele. Alikuwako mtu mmoja aliyeketi, akasikiliza kwa saburi. Kila jambo lina wakati wake.

5. Alisamehe, lakini alikataa

Wengi wajua jambo moja tu juu ya Bakhita: kwamba katika uzee wake alisema kuwa, kama angewakuta wale waliomwiba, angepiga magoti na kuibusu mikono yao, maana bila mambo yale hangalikuwa Mkristu wala sista. Maneno haya ni makubwa. Lakini yakisomwa vibaya, yaweza kumwua mtu. Wako watakaomwambia msichana aliyeteswa: Tazama Bakhita, alibusu, basi nawe nyamaza, rudi nyumbani, umbusu baba wa kambo.

Huko ni kumtumia mtakatifu kama fimbo. Bakhita alisema juu ya moyo wake mwenyewe, akiwa huru, akiwa mzee, akiwa mbali na kisu. Hakuna aliyemlazimisha. Wala hakusema kwamba wizi wa watoto ni jambo jema. Alisimulia kwa wazi wembe, chumvi na viboko.

Tena somo kubwa li katika jambo ambalo wengi hulisahau. Mama Michieli aliporudi Venezia ili amchukue Bakhita kwenda naye Sudani, Bakhita alikataa. Alimpenda yule mtoto aliyemlea. Aliona huzuni kumwacha. Bibi yule aliomba, akakasirika, akadai haki yake. Neno likafika mbele ya wakubwa wa Kanisa na wa serikali. Na mbele yao wote msichana huyu, ambaye tangu utoto alijua kutii tu, alisema kwamba hatoki. Tarehe 29 Novemba 1889 iliamuliwa kwamba sheria ya Italia haitambui utumwa, naye yu huru.

Fikirini hayo. Kabla ya kutamka ahadi za ubatizo, Bakhita alitamka kwanza neno «hapana». Wala kukataa kwake hakukuwa chuki. Basi tujifunze: kusamehe ni kuuondoa moyoni ule mzigo wa kulipiza kisasi, si kumrudishia mtesaji fimbo yake. Mtu aweza kumwombea aliyemtesa, na papo hapo asikubali kulala tena chini ya dari lake. Aweza kumsamehe, na papo hapo akashuhudia mbele ya mwamuzi, ili mtoto mwingine asiteswe.

Tena tusidhani kwamba msamaha hufuta kumbukumbu zote. Katika ugonjwa wake wa mwisho, baada ya miaka zaidi ya 50 ya uhuru, Bakhita alijiona kama yu utumwani tena, akamwomba mwuguzi amlegezee minyororo kwa kuwa ni mizito. Mtakatifu! Basi wewe uliyesamehe, ukiamka usiku unatetemeka kwa ndoto ya zamani, usiseme: Kumbe sikusamehe, kumbe sina imani. Mwili nao una kumbukumbu zake, na Mungu ajua hayo.

6. Neno «Bwana»

Sasa tumefika penye jibu la swali letu la kwanza. Bakhita alipenda kumwita Mungu kwa neno la watu wa Venezia lenye maana ya «Bwana», yaani mwenye nyumba, mwenye mali. Nasi katika Kiswahili twajua uzito wa neno hili. Mtumwa alimwita mwenye kumpiga «bwana». Nasi twamwita Yesu Kristu «Bwana». Neno ni moja.

Bakhita alikuwa ameonja mabwana wengi. Kwa kila mmoja neno hilo lilikuwa na harufu ya damu. Angaliweza kulitupa kabisa. Lakini katika Nyumba ya Wakatekumeni alifundishwa kwamba yuko Bwana aliye juu ya mabwana wote, na kwamba Bwana huyu mwenyewe alipigwa viboko. Msalaba ule mdogo wa fedha haukuwa sura ya mwenye kushika fimbo, bali ya yule aliyechapwa. Basi Bakhita alilinyang'anya neno hilo mikononi mwa waliolichafua, akalitoa kwa mwenye haki nalo.

Na wewe ambaye neno «Baba» lakukwama kooni, fanya vivyo hivyo. Usianze kwa mtu aliyekutesa, ukapanda kutoka kwake kwenda kwa Mungu, ukisema: Mungu ni kama huyu, ila ni mkubwa zaidi. Njia hiyo ni potovu. Anza kwa Kristu: jinsi alivyowaita watoto waje kwake, wanafunzi walipotaka kuwafukuza, jinsi alivyosema vikali juu ya mtu amkosesaye mmoja wa wadogo hao. Huyo ndiye aliyetuonyesha Baba. Aliyekupiga hakuwa mfano wa Mungu. Alikuwa mtu aliyekataa kuwa mfano wake.

Na kama siku hizi bado huwezi kusema «Baba» kwa moyo wote, mwambie Mungu hivyo hivyo. Anza kwa jina ulilo na nguvu ya kulisema. Bakhita alianza na jua na nyota.

7. Kanuni za kusoma na kusikiliza

Ili masomo ya namna hii yaponye, wala yasidhuru, shikeni kanuni hizi:

Kwanza, msizisome habari hizi usiku mbele ya watoto wadogo, wala kwa kutaka kusikia mambo ya kutisha. Asomaye kwa kutafuta damu hatapata mwanga.

Pili, kijiji ambamo wachache wajua kusoma, mmoja asome kwa sauti polepole, kisha pawe na kimya kidogo. Mtu akitoka nje, aachwe, ila mmoja amfuate kwa upole.

Tatu, asilazimishwe mtu kusimulia habari zake mbele ya wengine. Atakaye kusema, achague mtu mmoja amwaminiye.

Nne, mtoto akikueleza kwamba anateswa, usimwambie: Waongopa. Usimwulize mbele ya huyo anayetajwa. Mshukuru kwa kuwa amesema, mwambie kwamba kosa si lake, kisha mtafutie msaada bila kukawia, kwa watu wazima waaminifu na kwa wenye mamlaka. Usiahidi kuificha siri hiyo. Hii si siri ya kitubio.

Tano, msikubali mtoto yeyote aitwe mchawi kwa sababu kuna kifo, ugonjwa au umaskini nyumbani. Sheria ya nchi yetu ya tarehe 10 Januari 2009 ya kuwalinda watoto yakataza jambo hilo, na mwenye kumshitaki mtoto kwa uchawi aweza kufungwa.

Sita, cheo kisiwe ngao. Mtesaji akiwa mzee wa ukoo, mwalimu, katekista au padri, asifichwe. Mwaka 2019 Papa Fransisko aliagiza kila jimbo liwe na njia ya kupokea mashitaka ya namna hiyo. Heshima ya Kanisa hailindwi kwa kumziba mtoto kinywa.

Saba, ajuaye kuandika na atake kuandika habari zake, achukue daftari, aandike kidogo kidogo. Si lazima mtu mwingine ayasome. Kuandika tu kwaweza kumsaidia mtu kuyatenga yale aliyotendewa na yale aliyoyatenda mwenyewe.

8. Maswali na majibu

Swali: Mtoto akiteswa, kosa ni la nani?
Jibu: Kosa ni la mwenye kumtesa, wala si la mtoto.

Swali: Je, ni dhambi kuutaja ubaya tuliotendewa na wazazi au wakubwa?
Jibu: Si dhambi. Amri ya kuwaheshimu wazazi haituamuru kusema uongo juu ya matendo yao wala kuficha hatari.

Swali: Kusamehe maana yake nini?
Jibu: Ni kuacha kisasi na kumtakia aliyetukosea wongofu. Si kusema kwamba hakukosa, wala si kurudi katika mikono yake.

Swali: Tusomapo habari za walioteswa utotoni, tutafute mambo gani?
Jibu: Tutafute ukweli walioutaja, mkono uliowasaidia, na njia waliyoifuata.

Swali: Je, Mungu Baba afanana na baba mkatili?
Jibu: Hapana. Twamjua Baba kwa kumtazama Mwanawe Yesu Kristu, aliyewakumbatia watoto na kupigwa pamoja na waliopigwa.

Azimio. Juma hili, kila mmoja katika nyumba yake amtazame mtoto aliye wa mwisho kupewa chakula: yatima, mtoto wa kambo, au mtoto aliyeletwa kutoka mbali. Amwite kwa jina lake, ampe sehemu yake kabla ya sahani kuisha. Na tarehe 8 Februari, sikukuu ya Mtakatifu Bakhita, ambayo tangu mwaka 2015 Kanisa limeifanya siku ya kuwaombea watu wanaouzwa, tuwataje katika sala watoto wote waliosahau majina yao kwa hofu. Mungu hakuyasahau.